Nani Kamwona Sultani

Jina la Jicho alijipachika mwenyewe, ingawa ukimuuliza ataapa kwamba ni watu ndio waliompa. Alikuwa mkuu wa kitengo cha mbegu bora katika kituo kimoja cha utafiti wa misitu, mtu mzima mwenye mvi za heshima na tumbo la heshima zaidi, na kazi yake ya maisha ilikuwa kuitazama misonobari. Anausogelea mti, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anainamisha kichwa upande, kisha anatoa hukumu. "Huu utazaa watoto wanyoofu." Au: "Huu mrefu tu, adabu hauna." Ukishahukumiwa umehukumiwa, hakuna rufaa.

Tusimwonee lakini. Mara nyingi alipatia. Akiwa bado kijana mwenye kiuno, alipanda mlimani akaona msonobari uliosimama wima kama uzi wa timazi, matawi membamba, gome safi, na upepo wote wa kule juu haukuwa umeufundisha kuinama. Akauita Sultani. Akachuma vitawi vyake akavishusha kituoni kuvibebesha, na hapa inabidi tueleze kidogo kwa wasiojua. Unachukua mche wa kawaida tu, wa ukoo usiojulikana, unaukata kichwa, unapachika kitawi cha mti bora, unafunga utepe. Vikishikana, chini inabaki mizizi ya mtu baki, na juu anaota Sultani mwenyewe, si mwanawe wala mpwawe. Baadaye dhoruba ilimwangusha Sultani wa mlimani, watu wakampasua mbao. Jicho hakulia sana. Safu nzima ya masultani ilikuwa imeshasimama mbele ya ofisi yake, kila mmoja na kibao chake cha bati, na hakuna mgeni aliyefika kituoni akaondoka bila kupelekwa pale na kuhubiriwa mpaka miguu imuume.

Sasa mzee alikuwa anakaribia kustaafu. Milima ya jirani ilikuwa imeungua, inangoja kupandwa upya, na mbegu za kuipanda zilikuwa zitoke kwenye safu ile. Hilo tu ndilo alilolitaka kabla ya kukabidhi funguo: mlima mzima wa watoto wa Sultani, yeye akae barazani kwake autazame kwa jicho moja. Alikwisha hata kuchagua kiti.

Ndipo Mkurugenzi wa kituo, mtu wa miwani mikubwa na maneno machache, akamwita ofisini.

"Mzee, mbegu hazitoki hapa mpaka miti mama yote ihakikiwe kwa vinasaba. Tukikosea safari hii, tunakosea mlima mzima."

"Ihakikiwe na nani?"

"Na maabara."

Jicho akacheka mpaka vifungo vya shati vikaomba msamaha, maana maabara ilikuwa ni binti yake.

Binti huyo, kitindamimba wake, alikuwa na chumba chake mwisho wa korido, chumba kinachonuka spiriti, chenye jokofu linalonguruma mchana kutwa na mashine ndogo nyeupe ambayo haikuruhusiwa kuguswa na mtu aliyetoka kula. Kila asubuhi baba mtu akipita mlangoni hupiga kelele, "Hodi kwa mganga!" Na kutoka ndani hujibiwa, "Karibu, mgonjwa!" Wafanyakazi wengine walishazoea, ikipita siku mmoja hajasema walijua kuna mtu ana homa.

"Mama," Jicho alimwambia siku hiyo, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyomwita akiwa na furaha, "mimi mti nautazama miaka na miaka ndipo nausemea. Wewe unachuma majani mawili, unayasaga, unayatia jokofuni, kesho unaniambia tabia zake. Huo si utafiti, huo ni ushirikina."

"Ushirikina ni ule wa kufumba jicho moja, baba. Sikiliza basi. Kila mti una alama zake ndani ya vinasaba, nusu kaachiwa na baba, nusu na mama. Mtoto atafanana na wazazi kiasi. Lakini mti wa kubebesha si mtoto, ni yuleyule. Nikichukua jani la Sultani wa mwanzo wa safu na la Sultani wa mwisho, alama zilingane zote, moja moja. Zisipolingana, mmoja wao anatudanganya."

"Miti haidanganyi."

"Miti haidanganyi. Vibao je?"

"Vibao nilivifunga mimi," alisema Jicho, na kwa upande wake mjadala ulikuwa umekwisha.

Akamwacha achume. Tena alimsindikiza, akamshikia bahasha, akawa anamtania kila mti: "Huyu usimfinye sana, ana wageni kesho." Alikuwa na uhakika kiasi hicho. Mtu mwenye wasiwasi hasindikizi mkaguzi akiimba.

Majibu yalipotoka, binti hakupiga kelele koridoni. Alikuja mwenyewe ofisini kwa baba yake, akafunga mlango, akaweka kompyuta mezani. Kwenye kioo kulikuwa na mistari yenye vilima vya rangi, kila kilima alama moja.

"Huyu ni Sultani wa kwanza. Huyu wa pili. Huyu wa tatu. Unaona?"

"Naona vilima."

"Vilingane, baba. Havilingani. Hata wawili tu hawalingani, safu nzima. Hawa si mtu mmoja. Wala si ndugu."

"Mashine yako imekunywa ile spiriti."

"Nimerudia. Nikarudia tena." Alikuwa hacheki. "Labda mmoja wao ni Sultani na waliobaki siyo. Lakini ni yupi? Sina cha kulinganishia. Sultani wa mlimani alishakuwa makabati ya watu. Ningepata hata jani lake kavu..."

Akamtazama baba yake. Baba naye akaelewa, akashika kifua. "Hapana," alisema. "Kile hapana."

Kile ni nini? Sebuleni kwa Jicho, juu ya televisheni, ilining'inia fremu ya kioo yenye kitawi kikavu cha Sultani wa mlimani, majani yake membamba yamegeuka rangi ya chai. Ilining'inia juu kuliko picha ya harusi ya binti yake, na juu kuliko picha ya wazazi wake, Mungu awarehemu. Mkewe alikuwa ameipangusa vumbi fremu ile tangu alipokuwa mke mpya, na manung'uniko yake yalikuwa ya umri uleule.

"Kumbe leo kinashuka!" mama alisema jioni hiyo, akavuta stuli kabla hajaombwa. "Hicho kitawi nimekipangusa kuliko nilivyowapangusa wanangu pua. Chukua, mwanangu, chukua chote, mimi nina picha ya mjukuu inasubiri nafasi."

"Majani mawili tu!" Jicho alipaza sauti. "Mawili! Na ya nyuma, yasionekane!"

Binti akachuma mawili ya nyuma kwa kibano, baba mtu amesimama amegeukia ukutani kama anayechomwa sindano. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko hicho hakikufika mbali. Majani makavu yalikubali kusomeka, na yalisomeka vizuri, na alama zake hazikulingana na mti hata mmoja katika safu. Mbele ya ofisi hapakuwa na Sultani. Hakuwapo, labda tangu miti ile ikiwa ya kimo cha goti.

Jicho hakubisha. Hilo ndilo lililomtisha binti yake, kwamba hakubisha. Aliinuka, akatoka nje, akaenda mpaka kwenye safu, na mzee mzima na tumbo lake akapiga magoti kwenye majani makavu. Akakwangua gome kwa kucha karibu na ardhi. Akaenda mti wa pili, akakwangua. Wa tatu. Na kwa kuwa kweli alikuwa na jicho, aliona. Pale utepe ulipofungwa zamani palikuwa na kinundu, na juu ya kinundu kijiti kikavu, kifupi, kimemezwa na gome. Hicho ndicho kilikuwa Sultani. Pembeni yake, kutoka chini ya kinundu, tawi la ule mche wa ukoo usiojulikana lilikuwa limeinuka, likanenepa, likawa mti. Mgeni alikuwa ameingia ndani na mwenye nyumba akafia mlangoni.

Akakumbuka. Mwaka mmoja wa ukame, miche bado midogo, aliwaagiza vibarua wasikate matawi ya chini, yaachwe yaisaidie kupumua mpaka mvua inyeshe. Mvua iliponyesha yeye alikuwa mlimani anatafuta masultani wengine, na hakuna aliyethubutu kukata kitu ambacho Jicho alisema kisikatwe. Aliporudi akakuta safu imesimama, imenawiri, kijani kibichi. Akafumba jicho moja, akasema, "Sultani huyo!" Na nani angembishia?

Aliumia, tuseme ukweli. Aliumia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, tena msiba wa zamani ambao watu wote walimficha. Miaka yote ile alikuwa akiwasimamisha wageni juani mbele ya matawi ya mtu baki. Hilo la aibu angelimeza. Lisilomezeka ni kwamba Sultani alikuwa ameisha duniani, mti mzuri kuliko yote aliyoiona maishani mwake, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kumtunza. Alikaa pale chini mpaka binti yake akaja kumwinua.

"Pole, baba."

"Hukunicheka," alisema Jicho.

"Nitakucheka siku nyingine."

Mkurugenzi alipoelezwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema mbegu za safu ile hazitakwenda popote, na kama Sultani hatapatikana kabla ya msimu wa kuchuma kuisha, ataagiza mbegu nyingine kutoka nje, na jina la Sultani litafutwa. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Siku hiyo mezani Jicho hakula. Kijiko kilizunguka sahani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Binti, ambaye mumewe alikuwa safarini na yeye kaja kwao kula, alikuwa anamhesabia baba yake mahali pote ambapo huenda kitawi cha Sultani kilifika. Kituo kingine? Hapana. Bustani ya chuo? Hapana. Ile miche ya mwisho ya kitaluni? Ilikauka yote. Ulimpa mtu?

"Sikumpa mtu," alisema Jicho.

"Ulimpa," alisema mkewe.

"Sikumpa."

"Mzee, ulimpa. Ule wa kwa mzazi mwenzako."

Jicho akanywa maji. Akanywa tena. Gilasi ilikuwa imekwisha na yeye bado anakunywa.

Mzazi mwenzake alikuwa fundi cherehani, baba wa mume wa binti yake, mtu mpole, mwembamba, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Ilipofungwa ndoa ya watoto wao, Jicho alisimama mbele ya watu, na sifa zikampanda kichwani, akatangaza kwamba atampa mzazi mwenzake zawadi ya mche wa Sultani. Watu wakapiga makofi. Kesho yake, makofi yalipopoa, akaenda kitaluni kuchagua, kwenye miche ya mwisho aliyoibebesha kabla Sultani wa mlimani hajaanguka, na kila mche mzuri aliougusa mkono ukasita. Mwishowe alizunguka nyuma, kwenye rundo la miche ya kutupwa, akaokota mmoja uliojikunja mgongo. Alijisemea, mtu wa sindano ya cherehani atayajulia wapi majani ya msonobari? Akaufuta vumbi, akaufunga utepe mpya, akaupeleka kwa hotuba.

Na kama haitoshi, tangu siku hiyo alikuwa akiucheka. Kila akienda kwa fundi, kabla hajaketi, lazima aulize: "Mzazi mwenzangu, mti wako umeangusha nini, mbona unatafuta chini?" Na fundi hujibu, "Unatafuta uzi, mzazi mwenzangu." Wanacheka wote wawili, wanakaribishana chai.

"Kile kibiongo cha kwa baba mkwe?" binti alishangaa. "Ule ni Sultani? Si umesema siku zote ni mche wa hovyo?"

"Ulikuwa wa hovyo," alisema Jicho kwa sauti ndogo.

"Wa hovyo, na wewe ukampa baba mkwe wangu? Zawadi ya harusi yangu?"

Jicho akageukia televisheni. Ilikuwa imezimwa.

Binti hakungoja kuambiwa. Kesho yake asubuhi alipita kwa wakwe zake kuwajulia hali, na alipotoka alikuwa na majani ndani ya bahasha. Baada ya hapo chumba cha mwisho koridoni kilifungwa kwa ndani. Jicho alipita mlangoni, akasimama, akasafisha koo. Hakusema hodi. Akarudi. Akapita tena, safari hii amebeba faili ili aonekane ana shughuli. Mfagizi alimwuliza kama amepotea.

Mlango ulipofunguka, binti alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, vyote kwa pamoja.

"Baba. Kibiongo ndiye."

"Alama zote?"

"Zote. Moja moja. Sultani mtupu, kuanzia utepe kwenda juu. Ule mgongo ni wa kitawi tu, ulikichuma kwenye tawi la pembeni la chini, kikaendelea kuota kama tawi, hakikuambiwa kwamba siku hizi ni mti. Kwenye damu hamna kombo. Watoto wake watanyooka. Na ana mbegu, baba, kileleni kumejaa. Tukizichuma tukazisia, nitawasoma watoto wangali kitaluni, tuchague wale waliorithi alama zake nzuri, hatungoji wazeeke ndipo tujue. Mlima wako unao."

Jicho alimkumbatia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kazini. Halafu furaha ikamkauka usoni, kwa sababu alikumbuka mti uko uani kwa nani.

Siku nzima alitunga hotuba. Aliijaribu kwa mkewe. Ilianza na maendeleo ya misitu, ikapita kwenye ushirikiano wa familia, ikamaliza na ombi. Mkewe aliisikiliza yote huku anachambua mchele, kisha akasema, "Ndefu hiyo. Mwambie ulimpa kibovu, umekuja kukiomba."

Wakaenda mchana, yeye na binti, na gari la kituo lenye ngazi juu. Fundi alikuwa dirishani anashona sare za wanafunzi. Aliwaona, akasimamisha mashine, akaja kuwapokea na futi yake shingoni.

"Karibu, mzazi mwenzangu. Na ngazi kabisa! Unakuja kuiba embe?"

"Habari za hapa," alisema Jicho, na ile dhihaka yake ya mti haikutoka. Fundi aliisubiri kidogo, alipoona haiji akashangaa, akawapitisha uani.

Jicho hakuwa ameutazama mti ule kwa dhati hata siku moja. Kuucheka na kuutazama ni mambo mawili. Sasa alisimama chini yake akaona. Ulikuwa umeinama kweli, lakini umeinuka ukapita paa, shina nene, na kutoka chini mpaka katikati ulikuwa umeegemezwa kwa nguzo na kufungwa kwa vitambaa, vipande vya bitana za makoti, vya zamani vimefifia, vya karibuni bado vinang'aa. Akainama kwenye kinundu. Chini yake palikuwa safi kabisa. Kulikuwa na makovu mengi madogo ya matawi yaliyokatwa, kila moja laini, kila moja karibu na gome, kazi ya mkono usioharakisha.

"Nani anakata haya ya chini?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

Fundi akamtazama kama anayetaniwa. "Si wewe? Siku uliponiletea ulihubiri mbele ya watu wote. Ulisema, mzazi mwenzangu, usiache kitu kiote chini ya utepe, ukiacha mgeni atamfukuza mwenye nyumba. Nami nikashika. Yakichungulia tu nayakata, na mkasi wangu wa vitambaa. Mama watoto alinigombeza, anasema mkasi utakufa. Umekufa kweli, nikanunua mwingine."

Jicho akaona hotuba yake yote imeruka, maendeleo ya misitu, ushirikiano wa familia, vyote. Binti alikuwa ameegemea mlango, anamwangalia.

"Mzazi mwenzangu," alianza. "Huu mche. Nilipokupa huu mche, sikukupa... Yaani, siku ile kitaluni..."

"Uliuokota kwenye rundo la kutupa," alisema fundi. "Nilikuona."

Jicho akashika nguzo ya mti.

"Nilikuwa nimekuja kukupima koti," fundi aliendelea, kwa upole uleule wa kumwambia mteja kwamba kiuno kimeongezeka. "Nikaambiwa uko nyuma. Nikaja nyuma. Nikakuona umeinama, unaufuta vumbi. Nikarudi zangu getini, nikangoja uje."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Miaka yote hii nakuja hapa, nakunywa chai yako, naucheka mti wako. Na ulijua nilikupa takataka."

"Nilijua, bwana. Ningejuaje vingine, nilikuona kwa macho yangu."

"Sasa kwa nini uliutunza?" Jicho akagusa moja ya yale makovu. "Kwa nini hukuutupa?"

Fundi akaona swali hilo halina kichwa. Akamwelekezea kidevu yule binti mlangoni.

"Ulikuwa umenipa huyu," alisema. "Nikasema, mtu aliyenipa huyu, akiniongezea na takataka, nami nianze kumhesabia? Nikaenda kutafuta jembe."

Binti akaficha uso kwa mikono miwili. Jicho, mtu wa hotuba ndefu, akamsogelea fundi. Neno lake lilikuwa moja tu.

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe kabla mche haujashika. Sasa semeni, ngazi ni ya nini?"

Wakamweleza, baba akianza, binti akimalizia: Sultani wa mlimani, safu ya uongo, alama, milima iliyoungua, na kwamba kote duniani amebaki huyu mmoja. Fundi alisikiliza huku anapangusa vumbi la chaki kwenye vidole. Jicho akasema wanaomba mbegu zote za kileleni, na vitawi vya kubebesha, na vitawi vizuri ni vya juu, kwa hiyo kilele chenyewe kitakwenda. Alilisema hilo la mwisho akitazama chini.

"Kata," alisema fundi.

"Atabaki hana kichwa."

"Kata, mzazi mwenzangu."

"Nakwambia ukweli nisije nikakudanganya tena. Atakuwa na sura mbaya."

"Kwani mzuri alikuwa lini?"

Binti ndiye aliyeanza kucheka, halafu fundi, halafu Jicho, akicheka ameshika ngazi asianguke. Kisha akapanda, mkasi wa kazi mfukoni na mfuko wa mbegu begani. Akafika juu ya paa, katikati ya majani, akakata kitawi cha kwanza, akakishusha kwa kamba. Akakata cha pili. Binti alivipokea akavifunga kwenye kitambaa chenye maji ambacho fundi alikuwa amekileta bila kuombwa.

Vitawi vikatosha. Mbegu zikaisha kuchumwa. Binti akaita, "Baba, shuka, tumemaliza," na baba hakushuka. Akaita tena. Kule juu hapakusikika mkasi, ilisikika tu pua ikivutwa, mara moja, halafu tena.

"Mwache," alisema fundi. Akashika ngazi kwa mikono miwili, akasimama nayo.